Sanda ya Bibi na Moshi wa Soda

Nyinyi wenzangu mliozaliwa kabla ya vita vya Mjerumani, mliobaki, hebu niambieni: watoto wa siku hizi wana nini hata hawashtuki? Juzi mjukuu wangu kafungua soda kwa meno mbele yangu, akainywa mpaka nusu bila hata bismillahi, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati. Ule moshi mweupe ulitoka shingoni mwa chupa, ukazunguka kidogo, ukapotea, na yeye hakuutupia jicho. Ndio hao hao ambao redio ilipotangaza kwamba mtu kakanyaga mwezini, walisikiliza mpaka mwisho, kisha wakaniuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Sisi tulikuwa tukishtuka, jamani. Tulishtuka kwa taa, tulishtuka kwa honi, tulishtuka Mzungu wa kwanza alipopita Ndia Kuu juu ya baiskeli na sisi tukamkimbilia nyuma tukitaka kuona ataanguka lini. Na mimi nimeona kwa macho yangu ndoa ya watu ikitaka kuvunjika kwa sababu ya huo moshi mdogo ambao mjukuu wangu anaudharau.

Tulikuwa tukikaa Kuze, Mombasa, nyumbani kwa Bibi mzaa mama. Asubuhi tulikwenda chuoni kusoma Kurani, tukakaa mkekani tumebanana, kila mmoja anasoma juzuu yake kwa sauti yake, na mwalimu katikati ya makelele yale yote alimsikia aliyekosea herufi moja. Tukirudi tulipewa mahamri na mbaazi za nazi, tukala kwa mkono, tukaramba vidole. Halafu ni mdako wa vijiwe kwenye baraza, au kibe katika vichochoro, mpaka mtu aitwe. Na tukiitwa mara moja tulikwenda! Siku hizi mtoto unamwita mara tatu, ya nne anakujibu, "Niko hapa," na anabaki huko huko aliko. Jioni tulipanda hadi Makadara kutazama matoroli, yale magari madogo yaliyosukumwa na watu juu ya vyuma, bwana kakaa kivulini na wasukumaji wanatoka jasho. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, sijui hata tulicheka nini.

Bibi yangu kazi yake ilikuwa kufukiza. Mtaa mzima, watu wakioza binti zao, nguo za bibi harusi zililetwa kwake. Alikuwa na chetezo kubwa cha udongo, juu yake anafunika tenga la ukindu, na juu ya tenga anatandaza nguo, moja moja, akizigeuza bila haraka mpaka udi uingie katika kila uzi. Nyumba yetu ilinukia kutoka mlango wa njia. Mtoto wa nyumba ile hakuweza hata kujificha kwenye kibe, wenzake walifuata pua wakamkamata. Na pua ya Bibi ndiyo ilikuwa pua! Alisimama dirishani, akavuta hewa, akasema, "Kwa kina Fatuma wameunguza wali, tena wa nazi." Na ni kweli. Alijua moshi wa mkaa wa mkoko na wa kuni mbichi, wa ubani safi na wa ubani uliochanganywa. Kwake yeye kila moshi una harufu yake, na kwa harufu hiyo alijua umetoka wapi na nani kauwasha.

Alikuwa mkali, sikufichi. Akimwita mtu, "Ndoo hapa!" hata paka aliinuka. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja, na udhaifu huo jina lake Zuhura. Huyo ni khalati yangu, mdogo wake mama, kitinda mimba wa Bibi. Zuhura alikuwa mpole, anaimba akishona kofia, na mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Alipoposwa na Salim, kijana wa Kuze hiyo hiyo, nilijua kabla ya watu wote, maana usiku ule alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Salim alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kidogo cha soda, upande wa Makadara. Zilikuwa zile soda za gololi, mtazikumbuka. Chupa nene ya kijani, shingo imebanwa kama kiuno cha nyigu, na ndani gololi ya kioo. Gesi yenyewe ndiyo iliyoisukuma gololi juu ikaziba mdomo, na ukitaka kunywa unaibonyeza kwa kijiti iangukie ndani. Sisi watoto tulikuwa tukiziona kwa mbali tu. Bibi hakuwa ameiona hata moja.

Bibi aliikubali posa. Siku ya wanawake wa upande wa Salim kuja kuitikiwa, waliingia na sinia zimefunikwa: halua, kaimati, mkate wa mofa. Na mamake Salim, kwa majivuno, mwanawe fundi bwana, akaleta chupa sita za soda zimeviringishwa ndani ya gunia lililolowa maji zisipate joto. Ukumbi umejaa, wanawake wamepakana mabega. Mamake Salim akashika chupa ya kwanza, akaisogeza karibu na Bibi kwa heshima, akabonyeza gololi.

Paa! Watu wakaruka. Na kutoka mdomoni mwa chupa ukatoka moshi mweupe, mwembamba, ukajiviringa ukapotea.

Wenzangu, nilimtazama Bibi. Alikuwa ameinama mdomoni mwa chupa kama afanyavyo kwa moshi wowote, na uso wake ulianza kubadilika. Alivuta tena. Akavuta mara ya tatu. Halafu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Huu moshi hauna harufu!" akasema.

Mamake Salim akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Bibi akapeleka mkono kwenye chupa, akauondoa upesi. "Na ni baridi! Moshi baridi! Audhubillahi! Moto wake uko wapi? Mwalimu ametusomesha kwamba majini yameumbwa kwa moto usio moshi. Haya, na huu moshi usio moto, ni wa nani? Si wao wenyewe? Wameugawa: moto wamebaki nao, moshi huu hapa mumenitilia nyumbani kwangu!"

Wanawake wakaanza kusogea nyuma. Msicheke. Mimi nilikuwa na miaka minane na nywele zilinisimama. Hoja ya Bibi iliingia akilini sawasawa, na mpaka leo nikiisema wapo watu wazima wanaonitazama kwa hofu kidogo. Kuna mtu akakumbuka ile gololi iliyokuwa ikilia ndani ya chupa, akasema ndilo jicho la jini mwenyewe. Basi ikawa vurugu. Mmoja akapoteza kiatu mlangoni, mwingine akakanyaga kaimati. Mamake Salim alitoka analia, na sauti ya Bibi ikamfuata mpaka njiani: "Simtoi mwanangu kwa mfuga majini!"

Sinia zilibaki. Na hapo ndipo pabaya, maana kwetu sinia za posa zikirudishwa na vitu vyake, basi ndoa imekufa na haifufuki, na hakuna mshenga atakayekubali kusimama tena baina ya nyumba mbili zile. Bibi akatangaza kwamba Ijumaa baada ya sala zitarudi. Ile siku ilikuwa Jumatatu.

Khalati Zuhura hakubishana. Enzi zile mtoto wa kike hakubishana, alikataa chakula tu. Jumanne hakula, Jumatano alikunywa maji. Alilala kageukia ukuta na mimi nyuma yake, nikiusikia mgongo wake unatetemeka. Nilikuwa nimeshtuka kwa namna ambayo sikuijua. Sikujua kwamba mtu anaweza kulia bila sauti siku tatu. Mama alimsihi Bibi, Bibi akajibu, "Bora alie kwangu kuliko alie kwa hao." Lakini na yeye hakuwa akilala. Nilimsikia akitembea, na chetezo hakikuwashwa siku zote zile.

Alhamisi baada ya alasiri, kuna mtu akapiga hodi. Ni Salim mwenyewe. Kwa desturi zetu lilikuwa jambo la ajabu, mchumba kuja mwenyewe bila mshenga, na mama alishika kichwa. Salim hakuingia. Alikaa kwenye baraza ya ndani ya daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, kainamisha uso, amevaa kanzu, na mkononi ana bomba la baiskeli na chupa moja ya soda.

"Shikamoo, mama," akasema.

Bibi alijitanda kanga akasimama nyuma ya mlango. Salamu hakuijibu upesi. Hilo nalo lilinishtua.

"Sikuja kubishana," Salim akasema. "Nimekuja unitazame kazi yangu. Ukishaiona, ukisema hapana, nitaondoka na sinia nazichukua mwenyewe, msipate taabu."

Nyuma yangu, juu ya ngazi, nilisikia ubao ukilia. Khalati alikuwa ameteremka.

"Onyesha," Bibi akasema.

Salim akaziba mdomo wa bomba kwa kidole, akamwomba Bibi alishike sehemu ya chini. Bibi akatoa mkono mmoja mlangoni, akashika. Salim akasukuma, haraka haraka, kwa nguvu zake zote. Hakufika mbali. Bibi alipiga ukelele, akauchomoa mkono.

"Linachoma! Yarabi, linachoma!"

Nikakimbilia kushika na mimi. Wallahi lilikuwa moto, kama birika lililotoka jikoni sasa hivi. Hapakuwa na mkaa wala kibiriti, lilikuwa bomba la chuma tupu ndani ya kivuli cha daka. Nikakiweka kidole mdomoni, nikamtazama Salim kama namwona leo.

"Moto umetoka wapi?" Bibi akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mkononi mwangu, mama. Ni nguvu yangu hiyo. Nimeibana hewa, na ile nguvu niliyoibania imegeuka moto."

"Uongo. Ni chuma kusuguana na chuma."

Nawaambieni Bibi hakuwa mjinga! Salim akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasubiri bomba lipoe, akaliachia wazi mdomo, akasukuma vile vile, haraka vile vile. Bibi akashika: uvuguvugu tu. Akaliziba tena, akasukuma kwa nguvu ile ile, lakini polepole, kama mtu anayekanda unga huku anasinzia. Bibi akashika: hakuna kitu.

"Siri ni haraka," Salim akasema. "Nikibana polepole, moto unapata nafasi ya kutoroka, unapita kwenye chuma unakwenda zake bila wewe kujua. Nikibana kwa ghafla hauna wakati wa kutoka, unabaki ndani na hewa. Sasa ligeuze jambo hilo, mama. Ndani ya chupa gesi imebanwa. Ukibonyeza gololi inatoka kwa ghafla, inatanuka, na kutanuka nako ni kazi. Nguvu ya kazi hiyo itaitoa wapi? Haina wakati wa kuomba joto nje. Inatumia joto lake lenyewe, na hapo hapo inapoa. Unyevu uliomo ndani yake ukikutana na baridi hiyo unakuwa umande. Ule uliouona si moshi. Ni umande."

Mimi sikuelewa hata nusu, nilielewa tu kwamba yule mtu alikuwa anapigania khalati yangu kwa bomba la baiskeli.

"Maneno mazuri," Bibi akasema mwishowe. "Na shetani naye ana maneno mazuri. Lakini moshi naujua mimi. Moshi ukipita kwenye nguo nyeupe huacha rangi na huacha harufu, hata uwe mchache vipi. Umande hauachi ila maji. Tutajua sasa hivi."

Akageuka ndani kutafuta nguo nyeupe. Hapo ndipo tatizo likaonekana, na ni tatizo la nyumba yetu tu duniani kote: hapakuwa na nguo hata moja isiyofukizwa. Shuka, kanzu, leso, mapazia, vyote vilikwisha kula moshi miaka na miaka, vimegeuka rangi, vinanukia udi. Mama akaleta hiki, Bibi akanusa akatupa. Akaleta kile, akatupa. Kisha Bibi akasimama katikati ya ukumbi, akatulia. Akaenda chumbani kwake. Tukasikia kufuli ya sanduku.

Alirudi ameshika nguo ya bafta nyeupe iliyokunjwa. Mama alipoiona alipiga kelele, "Mama! Hiyo siyo!"

Ilikuwa sanda yake. Mnajua wazee wetu walivyokuwa, sanda wanajinunulia wenyewe, wanaiweka chini ya sanduku, ikae tayari. Na sanda hufukizwa siku ya mwisho, mtu akishafariki. Basi ndiyo ilikuwa nguo pekee ndani ya nyumba ile isiyojua moshi.

Mama analia, "Mama, na kama ni kweli jini? Utazikwa na alama yake?" Bibi akamjibu bila kumtazama, "Ndiyo maana nimeleta hii. Nguo nyingine ningejidanganya." Akaniita mimi nishike pembe mbili, yeye akashika pembe mbili, tukaitandaza hewani, shibiri moja juu ya chupa. Juu ya ngazi khalati alikuwa amekaa, kajiziba mdomo kwa mikono miwili. Alijua, na sisi sote tulijua, kwamba doa moja tu dogo, hata la ukubwa wa punje ya mtama, lingemtoa Salim mlangoni mwetu milele.

"Bismillahi," Bibi akasema. "Bonyeza."

Paa! Moshi mweupe ukapanda, ukagusa bafta, ukapotea. Nilihisi ubaridi kwenye vidole. Bibi akaipindua nguo upesi, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Akatazama. Akanusa, akanusa tena. Halafu, astaghfirullahi, akatoa ulimi akaonja sanda yake.

"Maji," akasema. Akatutazama mmoja mmoja, macho yamemtoka. "Ni maji! Maji matupu!"

Akakaa chini pale pale, mlangoni, sanda mapajani, mbele ya mwanamume asiye wake, kanga imemteleza kichwani na hakuijali. Miaka yote ile sikuwahi kumwona Bibi akishindwa na jambo. Alilia kwa sauti kama mtoto. "Nimemtukana mtoto wa watu," akasema. "Nimemtoa mama wa watu kwangu analia, kwa sababu ya umande. Mwanangu ana siku tatu hajala, kwa sababu ya umande!" Salim naye alikuwa analia, kainama vile vile, bomba mkononi.

Ijumaa sinia zilirudi kwa kina Salim kama ilivyotangazwa, lakini zilirudi tupu, zimeoshwa zinang'aa, na juu yake kanzu mpya ya Salim aliyoifukiza Bibi usiku kucha. Bibi alizifuata mwenyewe kwa miguu kumwomba radhi mamake Salim. Khalati aliolewa mwezi ule ule. Chakula cha kwanza alichokula, ile Alhamisi jioni, ni kaimati za siku nne, ngumu kama mawe, na akasema hajapata kula kitu kitamu hivyo.

Baada ya hapo Bibi akawa mtu wa ajabu. Mgeni akija alimshikisha bomba. "Shika hapa! Unaona? Hakuna moto, hakuna mkaa, ni haraka tu!" Na kila soda ikifunguliwa alitaka aitwe, aache hata sala ya sunna, aje auone umande. Aliushtukia kila mara kama mara ya kwanza. Alipofariki nilikuwa msichana mkubwa, na kazi ya kufukiza sanda ikaniangukia mimi. Khalati Zuhura na mimi tuliitandaza juu ya tenga, na kabla sijawasha chetezo tuliipeleka kwenye mwanga tukatafuta pale mahali umande ulipogusa. Tuliikagua yote, pembe hadi pembe. Ilikuwa nyeupe tupu. Khalati aliiweka shavuni muda mrefu, kisha akasema, "Haya, washa."

Siku hizi soda ziko kila kibanda, gololi imekwenda, kizibo kinang'olewa kwa meno, na baiskeli imesimama kila ukuta na bomba lake. Hiyo juzi niliyowaambia, nilimrudisha yule mjukuu wangu. Nikamwambia fungua nyingine, kwa ghafla, uweke mkono hapa juu. Akaniambia, "Bibi, hiyo tumesoma skuli. Ina jina lake." Na jina akalitaja, la Kizungu, refu, na mwalimu kampa alama nzuri kwa kulijua. Nikamuuliza, "Umewahi kuigusa?" Akanitazama kama nimemuuliza kitu cha kitoto. Akafungua ile chupa kwa kunifurahisha, akaniachia mezani, akatoka kwenda kwa wenzake.

Ule umande ulikuwa bado unatoka. Nikaweka mkono wangu mimi juu ya chupa, ukanigusa baridi, nikashtuka. Nikatazama mlangoni kumwita mtu aje aone, na hapakuwa na mtu.